Mdogo wangu kinga yake iko poa, mbona daktari anasema dawa ya kinga inaweza isimfanyie kazi?

Shikamoo Anti. Naomba usitaje jina langu, ukoo wetu ni mkubwa na wengi wanakusoma, niite tu Dada wa Kati, nipo Tabata.

Anti, kitinda mimba wetu ana miaka 37, anaendesha bajaji. Mwaka jana alianza kulalamika tumbo, anakonda, anachoka hovyo, huku anaambiwa minyoo, kule anaambiwa vidonda vya tumbo, kwingine taifodi, akanywa dawa weee mpaka siku moja akadondoka kijiweni mbele ya abiria. Kupima damu, imebaki kidogo. Ndo wakaingiza kamera wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana upande wa kulia, akafanyiwa operesheni, sasa hivi tupo wiki ya tano. Majibu yakasema saratani, hatua ya tatu, matezi 3 kati ya 16 yameshaguswa. Daktari kasema aanze kemo Ocean Road.

Sasa balaa liko nyumbani. Jumapili tulikaa kikao, kaka mkubwa akatoa simu akatuonyesha video imetumwa kwenye grupu la ukoo, ati Marekani watu 12 walipewa dawa ya kinga na saratani ikapotea kwa wote, hakuna kemo hakuna kisu. Anataka tuuze kiwanja cha Chanika alichotuachia mzee tumpeleke mgonjwa India akapewe hiyo. Shangazi naye kaja na makopo mawili ya unga kutoka Kariakoo, anasema unapandisha kinga, kemo itamuua. Wifi yangu hasemi kitu, anaosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Mgonjwa mwenyewe anasema mtakavyoamua.

Nilimuuliza daktari kuhusu hiyo dawa, akasema inategemea jeni za uvimbe, wengi haiwafanyii kazi. Nikamwambia dokta mbona mdogo wangu kinga yake iko poa, ngoma kapima hana, mafua yenyewe haugui. Akatabasamu akasema siyo kinga yake, ni uvimbe wake. Foleni nje ilikuwa ndefu nikaona aibu kuuliza tena nikatoka. Na Anti, kuna baba mmoja jirani yetu alipewa dawa ya kinga hukohuko India, alirudi tukamzika baada ya miezi saba. Sasa nimwamini nani?

Kwenye ripoti kuna mstari unasema limfosaiti nyingi zimeingia ndani ya uvimbe, na uvimbe una sehemu zenye ute. Shangazi kasema si mnaona, hiyo ni infeksheni tu.

Nilisahau, mama yetu alifariki kwa saratani ya mji wa mimba akiwa na miaka 49, na mjomba wetu, kaka yake mama, alikufa na tumbo hakufika hata 45, kule kijijini walisema karogwa. Kaka mkubwa anasema ni mkosi wa ukoo. Sijui kama inahusiana.

Dada wa Kati, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole, mpe pole na wifi yako, mwambie mimi namwelewa na hivyo vyombo.

Nianze na kinachowaka. Wiki ya tano imefika, na kemo ya baada ya operesheni ya utumbo kwa kawaida hutakiwa ianze ndani ya wiki kama 6 mpaka 8, ukichelewa sana faida yake inapungua. Kwa hiyo kabla hamjaelewana kuhusu India, kiwanja, unga na kila kitu, huyo kijana aende kliniki yake ya kemo. Kuanza kemo hakufungi mlango wa dawa ya kinga. Nitafafanua mbele, ila hilo mlifanye hata kabla hujamaliza kunisoma.

Sasa tuje kwenye kinga. Mimi si daktari, nimestaafu maabara ya patholojia, kazi yangu ilikuwa kukata nyama za watu zikiwa zimegandishwa kwenye nta, na swali lako nimelisikia dirishani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sisi tumefundishwa kinga kwa semina za ukimwi, kwamba kinga ni askari, wakiwa wengi uko poa, wakipungua umekwisha. Kwa ukimwi hiyo hesabu inatosha. Kwenye saratani haitoshi, kwa sababu mdogo wako anaweza kuwa na askari kikosi kizima, wana nguvu, wameshiba, na wakapita mbele ya uvimbe wakausalimia. Uvimbe umetoka kwenye mwili wake mwenyewe, sura ni ya nyumbani. Askari hawezi kumkamata mtu asiyemtilia shaka.

Kinachomfanya amtilie shaka ni makosa ya jeni yaliyomo kwenye uvimbe. Hapa ndo daktari wako alikuwa anaelekea na foleni ikamkatisha.

Chukulia umeenda steshenari kuchapiwa barua. Mchapaji anaandika haraka, anakosea, lakini pembeni yuko binti anayesoma kila ukurasa kabla haujatoka na kufuta makosa. Seli ikigawanyika nayo inanakili maandishi yake yote ya jeni, mabilioni ya herufi, na ina wahariri wake. Hao wahariri ni protini, zinazoangaliwa zaidi ni nne, majina yake MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kwenye baadhi ya saratani za utumbo mhariri mmoja hayupo, jeni yake imeharibika au imezimwa, basi makosa yanapita na yanalundikana, hasa kule kwenye herufi zinazojirudia kama kitufe cha kompyuta kilichonasa, aaaaaaaa, mchapaji anapoteza hesabu, anaongeza moja au anapunguza, na sentensi yote inayofuata inageuka upuuzi. Seli inatengeneza protini za ajabu ambazo mwili haujawahi kuziona tangu uzaliwe, vipande vyake vinabandikwa nje ya seli, na askari akipita anashtuka, we nani?

Tofauti siyo ndogo. Mwaka 2015 watu wa Johns Hopkins kule Marekani walihesabu makosa kwenye uvimbe za wagonjwa wao, zisizo na mhariri zilikuwa na wastani wa makosa 1,782 kila moja, zenye mhariri 73. Halafu wakawapa wote dawa ileile ya kinga. Kwenye saratani ya utumbo isiyo na mhariri, wagonjwa 4 kati ya 10 uvimbe ulisinyaa. Kwenye ile yenye mhariri, kati ya 18 hakuna hata mmoja. Hata mmoja, mwanangu, na siyo kwamba hao 18 walikuwa na kinga mbovu.

Dawa yenyewe haiongezi askari, ndo maana hata jina la dawa ya kinga linatupotosha kidogo. Askari wanaohusika, wanaitwa seli T, wana kitu kama hendibreki, mwili umewawekea ili wasije wakaushambulia wenyewe, na uvimbe mjanja unaivuta hiyo hendibreki makusudi. Dawa inaiachia. Sasa kama uvimbe hauna mhariri, askari tayari wamejaa ndani wamekwama kwenye breki, ukiiachia gari linaondoka. Kama uvimbe una makosa machache, mara nyingi ndani hakuna askari wa maana, unaachia hendibreki ya gari lisilo na dereva. Na huo ndo uvimbe wa wengi. Kwa takwimu za nje, wasio na mhariri ni kama 15 kwenye kila wagonjwa 100 wa saratani ya utumbo, na kwa ambao saratani imeshasambaa ni kama 5 tu. Wengi waliobaki wana jeni iitwayo APC iliyoharibika mapema kabisa, na hiyo ikiharibika inaacha mtambo fulani wa kukuza seli uwake usiku na mchana, na mtambo huohuo unahusishwa na kuwafanya askari wabaki nje ya geti. KRAS nayo imeharibika kwa kama 40 kati ya 100, na yenyewe haiwasaidii askari.

Kwa hiyo ile video. Haijadanganya, imekata kipande. Ni kweli, 2022, hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York, wagonjwa 12 wa mwanzo, dawa inaitwa dostarlimab, na kwa wote uvimbe haukuonekana tena. Lakini wote 12 walichaguliwa kwa kuwa uvimbe wao haukuwa na mhariri, hakuokotwa mtu barabarani, na ilikuwa saratani ya rektamu, kule mwisho wa utumbo, ambayo haijasambaa mbali na haijafanyiwa operesheni. Mdogo wako uvimbe umeshatolewa. Kaka mkubwa anampenda mdogo wake, hilo naliona, ila anataka kuuza kiwanja kwa ajili ya tiketi bila kujua basi linakwenda wapi.

Na jirani yenu, Mungu amrehemu. Inawezekana uvimbe wake ulikuwa wa wengi, akapewa dawa isiyomhusu, hayo yanatokea mtu akiwa na hela na haraka. Au ulikuwa usio na mhariri kabisa na bado ukamshinda, maana na zenyewe zinajifunza kujificha. Kuna ubao ambao seli hutumia kubandika vile vipande vya ajabu, na mojawapo ya misumari yake ni protini ya jeni B2M, uvimbe ukiing'oa hiyo ubao unadondoka na askari hawana cha kusoma. Kwenye utafiti mkubwa wa 2020, wagonjwa 307 ambao saratani imesambaa na wote hawana mhariri, dawa ya kinga ilishinda kemo vizuri tu, ugonjwa ulitulia miezi 16 na nusu dhidi ya 8 hivi ukiangalia mgonjwa wa katikati, lakini karibu watu 3 kati ya 10 waliopewa dawa hiyo ugonjwa uliendelea kana kwamba hawajapewa kitu. Na askari walioachiwa breki wanaweza kugeukia utumbo mzima, ini, mapafu, tezi la shingo. Siyo juisi.

Haya sasa nikwambie kwa nini nimekuandikia yote haya badala ya kukwambia kwa kifupi fuateni kemo.

Ni ule mstari wa ripoti. Limfosaiti nyingi zimeingia ndani ya uvimbe. Nimeusoma mara mbili. Limfosaiti ndo hao askari mwanangu, na shangazi samahani, hiyo siyo infeksheni, ni askari walioingia wenyewe kwa sababu wameona kitu. Ongeza ute, ongeza upande wa kulia, ongeza miaka 37. Tuliokaa maabara tukiona hivyo vinne kwenye fomu moja tunaangaliana. Siyo ushahidi, naomba usikimbie nao kwenye grupu la ukoo, ni harufu tu. Ushahidi ni kipimo.

Na kipimo hakihitaji kumkata tena. Nyama iliyotolewa kwenye operesheni ipo, imezamishwa kwenye nta, kijibloku kidogo kama kiberiti, hospitali hutunza. Fundi anakiweka kwenye mashine anakata utepe mwembamba mno, anauelesha kwenye maji ya vuguvugu kama ngozi ya maziwa, anaunasa kwa kioo, halafu anapaka rangi ya kutafuta wale wahariri wanne mmojammoja. Mhariri akiwepo, kiini cha seli kinakuwa kahawia. Asipokuwepo kinabaki bluu. Na uzuri wake, pembeni ya seli za saratani kuna seli nzima za mwenyewe na hao askari, zenyewe zitakuwa kahawia, kwa hiyo unajua rangi imefanya kazi na ni uvimbe tu ndo umekosa. Mara ya kwanza kuona hiyo, bluu tupu katikati ya kahawia, nilimwita kila mtu aliyekuwa karibu aje aangalie, mpaka chai yangu ikapoa.

Mwambie daktari hivi: tunaomba kipimo cha MMR, yaani cha hao wahariri wanne, kwenye bloku ya mgonjwa. Atakuelewa palepale. Kama maabara iliyosoma nyama yake haifanyi hicho kipimo, omba bloku au slaidi ziende inapofanyika, muulize huyohuyo daktari ni wapi. Gharama yake huwezi kuifananisha na ya kusafiri, na hata huko India wataanza na hicho.

Majibu yakija wahariri wote wapo, imeisha, kemo iendelee, kiwanja kibaki, na mtu asiwauzie dawa ya kinga mtaani wala hospitali. Yakija mmoja hayupo, mnakaa na daktari wa saratani upya. Kwa hatua ya tatu kemo bado ipo hata hapo. 2025 Marekani walitoa matokeo ya kuongeza dawa ya kinga juu ya kemo kwa watu wa hatua ya tatu wasio na mhariri, baada ya miaka mitatu asilimia 86 hivi walikuwa hai na ugonjwa haujarudi, dhidi ya 76 hivi wa kemo peke yake. Unaona lakini, juu ya kemo, siyo badala yake. Ndo maana nimesema kuanza kemo hakufungi mlango. Hapo sasa mazungumzo ya hela yana maana, na hata hapo ulizeni hesabu zote, maana mwenye kemo peke yake naye siyo kwamba kahukumiwa.

Unga wa shangazi sitaki ugomvi, kamletea kwa mapenzi. Ila mpelekeeni daktari kopo lenyewe alione, maana wakati wa kemo ini lina kazi ya kutosha. Na hata kama kweli ungekuwa unaongeza askari, tumeshasema tatizo siyo idadi.

Nimebakiza ulichokiandika mwishoni kama umesahau. Mama, mji wa mimba, 49. Mjomba upande wa mama, tumbo, chini ya 45. Sasa kitinda mimba, 37. Kaka mkubwa anasema mkosi wa ukoo na mimi namwambia kakaribia kuliko anavyojua. Kuna mhariri anayeweza kuharibika kwa kurithi, watu wanaita sindromu ya Lynch, kwa jina la daktari Mmarekani Henry Lynch aliyeifuatilia, lakini aliyeanza kuiona ni fundi cherehani. Kweli kabisa. Mwaka 1895 kule Michigan mwanamke aliyekuwa anamshonea nguo profesa Warthin alimwambia mimi nitakufa mapema, kwetu wanakufa kwa utumbo au kwa mji wa mimba, na akafa kwa huo mji wa mimba. Profesa akaandika ukoo mzima, akauchapisha 1913. Utumbo na mji wa mimba, mwanangu, haohao wawili.

Kwa hiyo kipimo cha mdogo wako kikionyesha mhariri hayupo, swali la pili ni je kazaliwa naye mbovu au uvimbe umemzima wenyewe ukubwani, vipimo vya kutofautisha vipo, kimojawapo wanaangalia jeni ya BRAF. Kama ni ya kurithi, kila mmoja wenu mliozaliwa na mama nusu kwa nusu anaweza kuwa nayo, wewe, kaka mkubwa, na mtoto wa kila atakayekutwa nayo vilevile. Ni kipimo cha damu, na ukikutwa nayo hujaambiwa una saratani, umeambiwa uanze kuingizwa kamera kila mwaka mmoja au miwili, kwa jeni zile kali hata kuanzia miaka 20 hadi 25, ili vinyama vitolewe vikiwa vidogo. Wewe binafsi, ukiona damu nje ya siku zako usisubiri hayo majibu, nenda. Hujaniambia una miaka mingapi.

Kikao kijacho usianze na India. Anza na mama na mjomba, mbele ya kaka mkubwa, uone atakavyonyamaza. Na watoto wa mjomba watafuteni, huko kijijini wanaoamini baba yao alirogwa.

Bloku ukipewa mkononi kuipeleka maabara nyingine, iweke kwenye mkoba ukae nayo, usiiache kwenye dashibodi ya gari mchana wa Dar. Ile ni nta.

Anti